Yuliana na Matangi Yaliyong'aa Kupita Kiasi

Watu wa Kihonda wakikuambia kwamba Yuliana alinunua mashine kwa mdomo, usibishane nao, wamekaribia ukweli. Pesa ilikuwa ya Godlisten. Mdomo ulikuwa wa Yuliana, na siku ile mdomo ulikuwa mzito kuliko pesa.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipokuwa ikivivua viwanda vyake kama mtu anayevua koti lililolowa. Kiwanda kimoja cha umma, kilichokuwa kimefungwa milango muda mrefu hata popo wakahamia, kiliwekwa mnadani. Wanunuzi walikuja na mizani na mitungi ya gesi ya kukatia, maana wengi wao hawakuona kiwanda pale, waliona kilo. Godlisten, Mchaga aliyekuwa na karakana ya mageti na madirisha pale Kihonda, chini ya milima ya Uluguru, alichukua fungu la mwisho: mabati, mota mbovu, na kreti kubwa la mbao lililokuja zamani kama msaada na ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Yuliana alikuwa dalali wake wa vyuma chakavu. Kazi yake ilikuwa kumtafutia mtu wa kuyanunua yale yote kwa uzito.

Kreti lilipobanduliwa ubao, ndani mlikuwa na mashine, bado imefungwa nailoni, safi kama bibi harusi. Wakamwita Wilfred, fundi mitambo aliyesomea chuo na kupunguzwa kazi kiwanda kilipofungwa. Wilfred aliizunguka, akaigusa hapa na pale, akapiga mluzi.

"Hii ni ya kuchomelea kwa leza," akasema. "Haitumii vijiti kama ile yako, Godlisten. Inatumia mwanga. Uzi wa mwanga, mwembamba kama unywele, unayeyusha bati kwenye ukingo, bati linaungana na wala halipindi. Halafu inajikagua yenyewe. Hiki hapa ni kihisi, jicho la joto: kinapima joto linalotoka kwenye bati mara tu uzi unapopita. Na hii ni kamera. Inatazama kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, inakionesha kwenye skrini. Mshono ukiwa baridi, taa nyekundu inawaka."

"Inajikagua?" Godlisten akacheka. "Basi na mshahara ijilipe. Ina kilo ngapi?"

Yuliana hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la kitenge chake, dalili kwamba kichwani kuna hesabu. "Injinia," akamuuliza Wilfred, "bati jembamba lisiloshika kutu, inaliweza?"

"Ndiyo kazi iliyozaliwa nayo."

Hapo ndipo biashara ilipogeuka, na ili uelewe kwa nini, lazima umjue Yuliana alikotoka.

Alizaliwa kwenye miteremko ya juu ya Bigwa, mahali ambapo shamba limening'inia mlimani na ukiangusha kiazi unakwenda kukiokotea kwa jirani wa chini. Kwao shamba hurithiwa upande wa mama, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mjomba, na mjomba wake Athanas alilima kabichi, karoti na nyanya. Athanas alikuwa na bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, la chuma, lenye umri wa kanisa la parokia. Mshono wa chini ulikuwa ukivuja. Kila msimu aliuziba kwa sabuni na kitambaa, na kila msimu dawa ilimteremka kiunoni ikamchubua ngozi kama ndizi iliyoiva. "Bomba hili," alikuwa akisema, "linanipulizia mimi kuliko kabichi. Ndiyo maana sina funza." Watu walicheka. Yuliana alicheka pia, lakini aliweka moyoni kwamba milima yote ya Uluguru imejaa migongo ya namna hiyo, na kwamba mabomba mapya yaliyokuwa yakiingia kutoka nje tangu biashara ilipofunguliwa yalikuwa ya plastiki nyepesi, yakipasuka yakianguka mara moja tu jiweni.

Alipokuwa msichana aliteremka na tenga la kabichi kichwani kwenda sokoni mjini, na huko ndiko aliposomea. Shule yake ilikuwa na somo moja. Mnunuzi, aligundua, huja na mashahidi wawili: mdomo na mkono. Mdomo unasema, "Kabichi zako zimesinyaa, mama," huku mkono umeshaikumbatia ya pili. Mdomo ukisema hili na mkono ukisema lile, usishushe bei hata kidogo. Mmoja wao anadanganya, na karibu kila mara ni mdomo. Lakini mdomo ukilalamika na mkono nao ukarudi mfukoni, shusha upesi kabla hajageuka. Kwa somo hilo alitoka kwenye kabichi akaingia kwenye mitumba, akatoka kwenye mitumba akaingia kwenye vyuma chakavu, akawa anapanda treni hadi Ngerengere na kwingine kutafuta mzigo, mwanamke peke yake katikati ya wanaume wenye mizani iliyochezewa. Hawakumpunja mara mbili.

Basi pale mbele ya kreti alimwambia Godlisten, "Bosi, usiikate."

"Kwa nini nisiikate? Mteja yuko tayari."

"Ukiiuza kwa kilo utakula nyama wiki moja. Tutengeneze matangi ya mabomba ya kupulizia. Ya chuma kisichoshika kutu, yasiyovuja. Milima yote hii inayangoja."

"Na nani atayanunua kwangu? Mimi ni mtu wa mageti."

"Mzee Hatibu Pazi."

Hatibu Pazi ndiye aliyekuwa akiuza kwa jumla pembejeo zote mjini, mbegu, dawa na mabomba, tangu serikali ilipoacha kazi hiyo kwa watu binafsi. Alisifika kwamba angeweza kununua mvua kutoka kwa wingu kwa bei ya umande.

"Tuwekeane hivi," Yuliana akasema. "Nipe mpaka kabla ya msimu wa kupulizia. Nitaiendesha mwenyewe, Injinia anifundishe. Mzee Pazi akiyakubali matangi, robo ya karakana ni yangu na jina langu linapanda pale mlangoni. Akiyakataa, unaikatakata mashine siku hiyo hiyo, na mimi nakudalalia vipande bila kuchukua senti."

Godlisten alimtazama kama mtu anayetafuta shimo kwenye mfuko aliopewa bure. Hakuliona. "Na mtungi wa gesi ya kukatia," akasema, "nitauweka pale kwenye kona. Nikiuona, nikumbuke."

"Uweke," Yuliana akasema. Wakapeana mikono mbele ya Wilfred.

Kujifunza ile mashine kulimchukua Yuliana muda mfupi kuliko alivyotarajia Wilfred na mrefu kuliko alivyotarajia mwenyewe. Tangi liliwekwa kwenye sahani inayozunguka, kifuniko cha kinga kikashushwa ili mwanga usiunguze macho ya mtu, kisha tangi likajizungusha polepole na uzi wa leza ukapita kwenye ukingo wa chini. Kwenye skrini yalikuwapo mambo mawili. Upande mmoja, picha ya kamera: kidimbwi cheupe cha chuma kilichoyeyuka, kinachotetemeka kama ute wa yai kwenye kikaango. Upande wa pili, mstari wa jicho la joto, unaopanda na kushuka kadiri bati linavyotoa joto pembeni ya mshono. Mstari ukishuka chini ya alama, taa nyekundu.

"Jicho la joto haligusi chochote," Wilfred alimweleza. "Kila kitu chenye moto hutoa mnururisho, kama jiko la mkaa linavyokupiga usoni ukiwa mbali. Lenyewe linapokea hicho kinachotoka, basi."

"Kwa hiyo linasikiliza bati linasemaje."

"Ukitaka kusema hivyo."

"Na kamera inatazama linafanya nini."

Wilfred akafikiri. "Ndiyo. Naam, ndivyo."

"Mdomo na mkono," Yuliana akasema. Wilfred hakuelewa, na Yuliana hakueleza.

Matangi ya majaribio yalitoka mazuri. Bati lilikuja la kijivu, lisilo na mng'aro, kama linavyotoka kiwandani. Yuliana aliliseti, akalichomelea, mstari ukatulia juu ya alama, wakalijaza maji, hakikudondoka kitu. Godlisten akaanza kupita mbele ya mtungi wa gesi bila kuutazama. Mzee Pazi akapelekewa habari, naye akajibu kwamba atakuja, ila kwa sharti moja: matangi yachomelewe mbele yake. "Sili chakula kilichopikwa nikiwa sipo," ndivyo alivyosema.

Sasa pale karakana palikuwa na akina mama waliokuwa wakisafisha bati kabla ya kuchomelewa, na mkubwa wao alikuwa Filomena, mdogo wake mama yake Yuliana. Kazi yao ilikuwa kufuta vumbi na mafuta kwa kitambaa, basi. Lakini Filomena alikuwa mwanamke wa mlimani aliyelelewa kikweli. Kwake, heshima ya nyumba haikai sebuleni; inakaa nje kwenye kichanja, pale sufuria zinapoanikwa zimefudikizwa na jua likizipiga mpaka mpita njia afumbe jicho. Mgeni akija akakuta sufuria ina weusi, aliyeaibika ni ukoo mzima. Alipoambiwa kwamba kesho yake anakuja tajiri kutazama vyombo, hakusubiri mtu amtume. Yeye na wenzake walishinda mchana kutwa wakiyasugua yale mabati kwa majivu, mchanga laini na majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza, mpaka kila moja likawa kioo. Kisha wakayafunika kwa kanga ili yasishike vumbi.

Asubuhi Mzee Hatibu Pazi aliingia na kofia yake ya viua, fimbo mkononi, na uso wa mtu aliyekuja kuzika.

"Shikamoo Mzee Pazi," Yuliana akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye yule binti wa kabichi?"

"Ndiye. Uliwahi kuninyima hela ya kabichi mbili."

"Zilikuwa zimesinyaa."

"Ulizila."

Mzee akatikisa kichwa, karibu acheke. Akaletewa kiti akakaa. Filomena akafunua kanga kwa madaha kama anayefunua mwali, na matangi yakamulika dari. "Mashallah," Mzee Pazi akasema kabla hajajizuia, kisha akakunja uso tena, maana sifa hupandisha bei.

Yuliana akaweka tangi la kwanza, akashusha kinga. Tangi likazunguka. Taa nyekundu ikawaka.

Akaweka la pili. Nyekundu. La tatu, nyekundu. Wilfred akainama akakagua nyaya. La nne, nyekundu. Katikati ya lililofuata umeme uliyumba, kama ulivyozoea miaka ile, taa za karakana zikafifia kidogo zikarudi, na hilo nalo likawa jekundu. Rundo la yaliyokataliwa likakua ukutani, yote yaking'aa kwa furaha kama yasiyojua kwamba yamefeli.

"Naona mashine yenu ina aibu," Mzee Pazi akasema. "Kila ikinitazama inaona haya, inakuwa nyekundu."

Godlisten akamvuta Yuliana kando. "Yuliana, mimi na wewe tulikubaliana."

"Tulikubaliana akiyakataa. Mzee hajakataa. Iliyokataa ni taa."

"Taa ndiyo uliyonisifia! Ulisema haidanganyi!"

"Mashine ina mashahidi wawili, jicho la joto na kamera. Nani kamwuliza wa pili?"

Akarudi kwenye skrini. Ile mashine ilikuwa inahifadhi picha za kila tangi, akamwambia Wilfred azirudishe moja moja. Mstari wa joto ulikuwa umelala chini kote, kweli. Lakini kidimbwi kwenye kamera kilikuwa kipana, kimejaa, kimetulia, sawasawa na siku za majaribio. Mdomo ulikuwa unalalamika kwamba kabichi zimesinyaa, na mkono umezikumbatia. Isipokuwa tangi moja, lile la umeme kuyumba: pale kidimbwi kilibana kikawa chembamba kama kamba ya kiatu, kisha kikapanuka tena. Pale mashahidi wote wawili walikubaliana. Yuliana akalitoa tangi hilo kwenye rundo, akaliweka peke yake.

Kisha akaliinua jingine ili alitazame mshono, na akajikuta anatazamana na uso wake mwenyewe, pamoja na pengo la jino lake.

"Nani ameyasugua haya?"

"Mimi na wenzangu," Filomena akasema, kidevu juu. "Kwa msasa na majivu. Au ulitaka tajiri wa watu nimwoneshe bati la rangi ya jivu la jana?"

"Mama mdogo, umeyasugua mpaka wapi?"

"Mpaka yalipokubali."

Wilfred alijipiga paji la uso. "Ndiyo hiyo! Kitu kinachong'aa hakitoi mnururisho kama kitu cheusi. Kina joto lile lile, lakini kinaling'ang'ania. Jicho linapokea kidogo, linadhani bati ni baridi." Halafu akanywea. "Lakini kuna la pili, na ni baya. Kioo hurudisha mwanga. Huenda leza yenyewe inatemwa, na mshono ukawa baridi kweli. Yote mawili yanawezekana."

"Kamera inasema kidimbwi kimejaa."

"Inasema. Ila mimi nisingemwuzia mtu kwa picha."

"Wala mimi nisingenunua kwa picha," Mzee Pazi akasema kutoka kitini. Masikio yake yalikuwa bado ya kijana.

"Basi tufanye hivi," Yuliana akasema. "Tuchukue tangi ambalo bado halijachomelewa, tulitie weusi nusu, nusu tuliache linang'aa. Moto ni ule ule, mzunguko ni ule ule. Tuone jicho litasemaje."

"Masizi," Wilfred akasema. "Masizi hayang'ang'anii joto hata kidogo. Lakini pembeni ya mshono tu, yasiguse mshono wenyewe, yatauharibu."

Ikabidi yatafutwe masizi. Na hapa ndipo watu wa Kihonda wanapocheka mpaka leo, kwa sababu kwenye jiko la akina mama wale palikuwa na sufuria ya uji, sufuria ya maharage na birika, na katika vyote vitatu haikupatikana chembe ya masizi, ndani wala nje. Filomena alikuwa amevipitia vyote. "Mnatafuta uchafu kwangu?" akauliza, amekasirika kwelikweli. "Nendeni mkautafute kwenu!"

Mwishowe Godlisten mwenyewe, kwa uso wa mtu anayebeba jeneza lake, alileta koroboi waliyokuwa wakiitumia umeme ukikatika. Wakaiwasha, Wilfred akalizungusha tangi juu ya ule moshi mpaka nusu ya ukingo, upana wa kidole, ikawa nyeusi kama sufuria ya msela. Mshono wenyewe akaufuta kwa kitambaa.

Yuliana akaliweka. Akamgeukia Mzee Pazi. "Mzee, sogea uone. Huu mstari ni joto. Hiki kidimbwi ni kamera."

Mzee akasogeza kiti. Tangi likaanza kuzunguka. Upande unaong'aa, mstari ulilala chini, taa nyekundu. Kisha weusi ukafika mbele ya jicho, na mstari ukainuka kama mtu aliyeitwa jina lake, ukapita alama, ukatulia huko juu. Taa ikazimika. Ulipoisha weusi, mstari ukaanguka tena. Na wakati wote huo, upande wa kamera, kidimbwi hakikubadilika hata kidogo. Kilikuwa kipana, kimejaa, kimetulia, kwenye weusi na kwenye mng'aro.

Wilfred akapiga kofi moja. Godlisten akaweka chini koroboi.

"Mmelipaka masizi likasema mnachotaka," Mzee Pazi akasema. "Hata mimi mkinipaka masizi nitaonekana kijana."

"Kweli kabisa," Yuliana akasema, jambo lililomshangaza Mzee. "Usituamini. Chagua mwenyewe matangi kwenye rundo hilo jekundu. Pipa la maji lile pale, pampu ya upepo hii hapa. Kama kuna mshono baridi, utatoa mapovu."

Mzee alichagua kama anavyochagua mbuzi wa Idi: akayapindua, akayagonga kwa fimbo, akasikiliza. La kwanza likafungwa mdomo, likajazwa upepo, likazamishwa. Maji yakatulia. Wilfred akaongeza upepo mpaka mshale wa kipimo ukapita kiasi ambacho mkulima yeyote angekifikia kwa kupampu. Maji yakabaki yametulia, na sura ya Mzee Pazi ikaonekana humo imekunjamana. La pili, hivyo hivyo. Akachukua la chini kabisa ya rundo, lile ambalo muuzaji mjanja angelificha. Hakuna hata povu.

Akajifuta mikono. Sasa ilikuwa biashara, na uso wake ukalegea, maana alikuwa amerudi nyumbani.

"Nitayachukua," akasema. "Lakini haya yamewaka nyekundu. Kitu chenye dosari kina bei yake."

"Yamewaka nyekundu kwa sababu ni masafi mno. Mzee umewahi kuona mtu anapunguziwa mahari kwa sababu bibi harusi kaoga?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mzee Pazi akatazama fimbo yake. "Taa ni taa."

"Basi Mzee twende kwa taa," Yuliana akasema, na akalichukua lile tangi aliloliweka peke yake. "Hili nalo liliwaka nyekundu. Lizamishe."

Godlisten akamkonyeza kwa nguvu, akimaanisha una wazimu? Yuliana hakumtazama. Tangi likazamishwa, upepo ukaingia, na kutoka sehemu moja ya mshono ukapanda uzi wa mapovu, mwembamba, usiokoma. Yuliana akaweka kidole kwenye skrini, pale kidimbwi kilipobana umeme ulipoyumba. Palikuwa ni pale pale.

"Hapa mashahidi wote wawili walisema hapana," akasema, "na hapa ndipo linapovuja. Kwenye yale mengine walipingana, na hayavuji. Sasa unajua jinsi ya kuisoma mashine hii sawa na mimi. Ukiona tangi kwangu siku yoyote, mwulize Injinia akuoneshe picha yake kabla hujalipa."

Mzee Pazi akayatazama mapovu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na hili nalo nipe. Kwa bei ya kutupa. Nitalipeleka huko juu mlimani. Povu dogo kama hilo wataliziba kwa sabuni."

Filomena, aliyeujua mgongo wa Athanas, akamtazama Yuliana.

"Hilo haliuzwi," Yuliana akasema.

"Kila kitu kinauzwa, binti."

"Hilo haliuzwi kwa sababu likivuja, mlima mzima utasema matangi ya Kihonda yanavuja, na hata yale mazuri utashindwa kuyauza. Nitakuwa nimekuuzia moja na kukuharibia yote." Akageuka. "Bosi Godlisten, ule mtungi wako wa gesi umekaa kwenye kona kwa kazi gani?"

Godlisten alimtazama, akautazama mtungi, na kidogo kidogo meno yakaonekana. Akauvuta mpaka katikati ya karakana, akavaa miwani, akawasha, na mbele ya Mzee Pazi akalikata lile tangi vipande viwili. Vikaanguka sakafuni vikilia kama kengele ya parokia.

Mzee Hatibu Pazi aliinuka. Hadi leo hajasema kama alikuwa anamjaribu au alikuwa anataka kweli kulinunua, na Yuliana hajawahi kumwuliza. Jibu lisingebadilisha bei. Alichosema Mzee ni hiki: "Yote. Kwa bei yako. Na ya msimu wote, na usimwuzie mwingine mjini hapa."

"Mjini hapa nakubali," Yuliana akasema. "Ila Ngerengere, Mvomero na Dar sijakupa."

"We binti!"

"Hela za kabichi zile mbili, Mzee, ndizo nazidai."

Hapo Mzee Pazi akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Wakapeana mikono, na mkono wake mwingine, Yuliana alivyouona, ulikuwa umeshashika tangi la pili.

Alipoondoka, Godlisten akakohoa. "Kuhusu ile robo, nilikuwa nafikiri, si tulisema kama moja ya tano..."

"Mangi," Yuliana akasema, kwa cheo wanachoitwa Wachaga, "Injinia alikuwepo. Akina mama hawa walisikia. Na rangi ya kuandikia mlangoni nimeshanunua."

Godlisten akacheka kwa kushindwa, na akashika ngazi mwenyewe jina lilipokuwa likiandikwa.

Lilibaki jambo moja gumu kuliko Mzee Pazi: kumwambia Filomena asisugue. Yuliana hakujaribu. Mtu mwenye akili hazuii mto, anauchimbia mfereji. Alimwambia, "Shikamoo mama mdogo. Kuanzia leo bati litachomelewa la kijivu hivyo hivyo, kamera na jicho wamalize ubishi wao. Likishapita, ni lako. Lisugue mpaka likubali."

"Marahaba," Filomena akasema. "Na nianike wapi?"

Wakamjengea kichanja mbele ya karakana, kirefu, kikiitazama barabara. Kila asubuhi matangi yaliyopasi yalifudikizwa pale kama sufuria za nyumba yenye heshima, na jua lilipotoka nyuma ya milima yakawaka yote kwa mpigo, hata madereva wa magari ya Dodoma wakapunguza mwendo kuuliza kunauzwa nini. Hakuna tangazo la redio lililowahi kuuza namna ile.

Mjomba Athanas naye aliteremka kutoka juu ya Bigwa, akapita mbele ya kichanja mara kadhaa, akaomba la bure kwa kuwa ndiye mjomba. Yuliana alimpa kiti, akampa chai, akampa punguzo ambalo hakumpa mtu mwingine yeyote, na akapokea hela yake. Mjomba alilalamika njia nzima ya kupanda mlima. Lakini alipopulizia kabichi zake msimu ule alivua shati, akamgeuzia mkewe mgongo, akamwambia apapase aone ulivyo mkavu.